Sufuria Iliyotolewa kwa Nyimbo

Kanisani kwetu, Jumapili ya Meza ya Bwana, kuna wanawake ambao huinuka kabla mchungaji hajafunua kile kitambaa cheupe. Wanatoka mmoja mmoja kwa mlango wa pembeni, wanaenda nyuma ya kanisa kuwasha moto na kupika chai ya wazee. Mgeni akiwaona atasema, hawa kweli ni watumishi. Wapi! Wanatoka kwa sababu hawaruhusiwi kula. Ni wake wa pili, ni wasichana waliozalia kwa wazazi wao, ni wale ambao ndoa yao haijabarikiwa. Hakuna aliyewafukuza. Wanajiondoa wenyewe ili sahani isiwapite mbele ya macho ya watu, na chai wanayopika ni tamu sana.

Mimi ni mama dikonesi wa kanisa hilo, upande wa maporomoko, hapa Kisangani. Watu wakisikia dikonesi wanadhani ni cheo. Bon, ni kazi ya miguu. Siku mbili kwa juma tunazunguka mtaani, akina mama wachache, tunapeleka kwa wagonjwa na wajane kile kilichopatikana: ndizi za kuponda lituma, chumvi, kipande cha sabuni, mawese kidogo ndani ya chupa ya maji. Mara nyingi yule tunayempelekea na sisi tunaopeleka hali yetu ni moja. Mimi mwenyewe ni mjane. Nilikuja mji huu kutoka Maniema nikimfuata mume wangu, yeye akatangulia kwa Mungu, akaniacha na watoto na mdomo huu wangu. Mchungaji aliyekuwa hapa zamani alikuwa akisema kwamba siku Mungu ananiumba, breki zilikuwa zimemwishia.

Yule mama ninayetaka kumsimulia alikuwa mmoja wa wale wapika chai. Kwao ni upande wa Opala. Alibatizwa huko akiwa msichana, akala Meza mara moja tu, kisha akaletwa huku kuolewa na mvuvi, mmoja wa wale wanaotega vikapu virefu kwenye miti iliyosimamishwa katikati ya maji makali. Akamzalia watoto. Siku moja maji yakamchukua yule bwana. Walimpata chini kabisa, wakamzika kwenye ardhi ya ukoo, juu ya ukingo, pale ambapo sauti ya maporomoko haikomi.

Matanga yalipokwisha, ukoo ukaketi, ukamrithisha mjane kwa mdogo wa marehemu. Huyo mdogo tayari alikuwa na mke. Basi, ndivyo mama wa watu alivyokuwa mke wa pili, bila kutongozwa na mtu, bila kumwibia mtu bwana. Ana watoto wadogo, kwao ni siku nyingi za mtumbwi na miguu, ungemwambia aende wapi? Nimewauliza wazee wa kanisa swali hilo zaidi ya mara moja, kila mara wanafungua Biblia.

Na yule shemeji aliyegeuka kuwa mume, nitasema ukweli hata kama unawachoma wengine, alikuwa mtu mwema. Mkimya. Watoto wa kaka yake walikula alipokula, na samaki wakipungua alipunguza kwenye sahani yake mwenyewe. Wale wanawake wawili walikaa pamoja bila vita, kila mmoja na nyumba yake, kila mmoja na mafiga yake na moto wake. Nimeona ndoa zilizofungwa kwa pete na gauni jeupe ambazo hazina hata nusu ya amani ile.

Kila Jumamosi alikuja kufagia kanisa. Hakuna aliyemtuma. Alisogeza mabenchi yote, akafagia hadi chini ya mimbari, akayarudisha kwa mstari. Kisha tumbo likaanza kuvimba. Tukadhani mimba, tukamtania, tukamwambia umri wote huu bado unatafuta! Akacheka. Haikuwa mimba. Hospitalini daktari aliongea na bwana yake pembeni, kisha akawaambia wamrudishe nyumbani. Kwetu, ukiambiwa mrudisheni nyumbani, kila mtu anajua maana yake.

Nilikwenda kumwona siku ya Jumatano. Alikuwa amelala juu ya mkeka barazani, uso umekwisha, tumbo limejaa.

"Mama," akaniambia, "niko na kitu moja ya kukuomba. Usikatale."

"Sema. Lakini kama ni samaki, mimi ndiye wa kuomba kwako."

Akacheka kidogo, akashika tumbo. "Nataka kukula mukate. Ile ya Bwana. Mbele nikufe."

"Nani alikuambia unakufa?"

"Tumbo yangu."

Nilimpaka mafuta miguuni, nikaomba naye, nikatoka moja kwa moja mpaka kwa mchungaji.

Mchungaji wetu ni kijana. Ametoka Kivu Kusini na mke wake na watoto, anakaa katika nyumba ya kanisa, analima muhogo nyuma ya nyumba kama sisi sote. Si mtu mbaya. Mara nyingi nimekuta mlango wa jiko lake uko wazi kwa njaa ya watu wengine wakati watoto wake mwenyewe wanalia. Aliponisikia akasema jambo hili si lake peke yake, lazima likae kwa wazee. Likakaa kwa wazee.

Wakazungumza sana. Mwishowe wakasema hivi: atoke kwa yule bwana. Akae chini ya paa lingine, watu waone kwamba ameachana naye, na yule bwana asikanyage pale anapokaa. Ndipo Jumapili ya Meza atakula.

"Wazee wangu," nikasema, "huyu mwanamke kugeuka tu kitandani hawezi. Ninyi mnaogopa atazini na nani?"

Mmoja akakohoa. Mwingine akatazama meza. Mzee wetu wa hazina, ambaye ana sauti ya mtu anayeuza kuku, akasema, "Mama, sheria ni sheria."

"Na aliyezaliwa zizini naye angehojiwa hapa, mngemuuliza ndoa ya wazazi wake ilibarikiwa wapi?"

"Mama!" mchungaji akanikatiza. "Tafadhali. Ukiwa na hasira hivyo hatutafika."

Nikasema basi, atakaa kwangu. Nina chumba kimoja ambacho mwanangu wa kiume alikiacha alipokwenda kutafuta dhahabu upande wa Bafwasende. Wazee wakashukuru, wakaomba, wakanywa chai.

Kupeleka habari hiyo kulikuwa juu yangu. Nilimkuta bwana yake anafunga kamba za vikapu. Nikaongea taratibu, nikitazama chini, maana ni neno gani hilo la kumwambia mtu: tupe mke wako anayekufa, na wewe usije. Alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama mke wake kule barazani, kisha akarudi kwenye kamba zake.

"Kama ni ile njo anataka, aende," akasema. "Alifagia nyumba ya Mungu miaka yote. Basi Mungu amupe chakula."

Mchungaji, kwa wema wake, akawaomba vijana wa kwaya wasaidie kubeba vitu vya mgonjwa. Jumamosi baada ya mazoezi wakaja, wamevaa zile fulana zao za bluu. Mimi nilikuwa nimeshamkalisha yule mama nyuma ya toleka, baiskeli ya kubeba abiria iliyofungwa mto kwenye kiti cha nyuma, mwenye baiskeli anaisukuma kwa miguu, mimi nimemshika kiunoni asianguke. Tukatangulia polepole. Nyuma yetu kwaya ikaanza kuimba. Walipiga makofi, waliruka, watu wakatoka majumbani kutazama. Mwenye kupita angedhani ni harusi.

Tulipofika kwenye njia kubwa akageuza shingo kutazama nyuma. Akapiga yowe. Si kilio cha maumivu, nakijua kile, nimekaa na wagonjwa wengi. Lilikuwa yowe la msiba. Mwili wote ukatetemeka, nikamkumbatia kwa nguvu. Kwaya wakadhani Roho amemshukia, wakazidisha wimbo. Mama mmoja barabarani akainua mikono, akasema haleluya.

Nikageuka nami. Niliona godoro, beseni, kiti, mafurushi ya nguo. Nikaona msichana amebeba kichwani sufuria yake nyeusi ya kupikia, na nyuma yake vijana watatu, kila mmoja na jiwe la mafiga begani. Shemasi mmoja aliwaambia wasiache kitu chake hata kimoja pale, watu wasije wakasema amebakiza mguu. Nao walikuwa watoto watiifu. Mimi sikuona ubaya wowote katika sufuria.

Tulipofika kwangu, akalazwa, kwaya wakaomba wakaenda. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nikampa maji, nikamuuliza, mama, ni nini? Akanieleza kidogo kidogo, anapumzika kila baada ya maneno machache.

Katika ukoo ule wa mumewe, sufuria ya mwanamke huingia mara moja. Siku ya ndoa watu wa kwao ndio huileta kichwani, na mama mkwe ndiye huiweka juu ya mafiga. Tangu siku hiyo mwanamke anaweza kugombana na bwana, akakimbilia kwao, akarudi, akakimbia tena, hakuna neno. Sufuria inamngojea. Lakini sufuria yenyewe ikitoka akiwa hai, na mafiga yakang'olewa, na yeye mwenyewe ameonekana barabarani anakwenda nayo, basi imekwisha. Si mke tena wa mdogo, si mjane tena wa kaka. Hawezi kulala pale, na akifa hawezi kuzikwa pale.

"Batanizika wapi, mama?" akaniuliza. "Bwana yangu wa kwanza iko pale. Mutoto yangu wa kwanza iko pale."

Eh, Mungu wangu! Nikakaa chini kabisa, kwenye sakafu. Ni nani kati yetu angejua? Nusu ya kanisa ni watu wa Maniema na Kivu. Vijana wa kwaya wamezaliwa mjini, wanajua simu kuliko mila. Waliojua ni wale wa ndani ya kiwanja, waliosimama wanatutazama tunatoa mawe, nao wakadhani kanisa linajua linachokifanya.

Nikasema niirudishe sasa hivi, naipakia kwenye toleka hiyohiyo. Akanishika mkono. "Hapana. Ngoja nikule kwanza. Nikikula, tutarudi na sufuria pamoja."

Nikadhani anaota kwa ajili ya homa. Sikumbishia.

Meza haikuwa kesho yake, ilikuwa Jumapili ya juma lililofuata. Juma lile bwana yake alikuja kila asubuhi kutoka mtoni, nguo bado zina maji, na samaki kwenye kamba. Hakuingia. Kiwanja changu kimezungushiwa mianzi, alisimama upande wa njia, akapitisha samaki juu ya mianzi, mimi nikapokea. Kisha akaongea naye kutoka palepale, mke wake akiwa amelala upande wa ndani, kwenye mkeka niliomtandikia kila asubuhi kando ya mianzi.

"Umelala namna gani?"

"Nimelala. Na batoto?"

"Beko muzuri. Maji imepanda. Kikapu moja imekwenda."

"Ile ya upande wa jiwe?"

"Ile ile."

"Nilikuambia kamba yake imechoka."

"Uliniambia."

Ndivyo walivyokuwa, mambo ya kamba na maji, huku mianzi iko kati yao. Siku ya pili sikuvumilia. Nikamwambia, "Papa, ingia bwana, uketi na mke wako. Hapa hakuna mzee wa kanisa, hakuna anayekuona."

"Mungu iko anaona," akajibu. "Nisimuharibie chakula yake."

Nikaingia jikoni nikalia juu ya samaki wale, nikajifanya ni moshi.

Jumapili ikafika. Tulimvika kitenge changu kizuri, tukamfunga kitambaa cheupe kichwani, tukambeba kwa kiti. Mara hii sahani haikumpita. Mchungaji alishuka mwenyewe kutoka mbele, akapiga magoti kwenye vumbi ili awe sawa naye, akamwekea mkate mkononi. Ulikuwa kipande kidogo cha mkate wa sokoni. Kikombe kilikuwa na maji mekundu ya maua ya ngai-ngai, maana divai sisi hatuijui. Akauweka mkate mdomoni, akafumba macho, akakaa nao muda mrefu bila kutafuna. Uso wake ulirudi. Sijui niseme vipi tena. Uso tuliokuwa tunaujua kabla ya ugonjwa ulirudi pale mbele ya watu wote. Nimekasirika sana juu ya mambo haya, na bado nimekasirika, lakini sitasema uongo kwamba siku ile haikuwa kitu. Alifurahi. Watoto wake walisimama mlangoni wakamwona anakula, akawapungia mkono.

Tuliporudi nyumbani hakutaka kulala. Akaniambia, "Haya mama. Nimekula. Sasa unirudishe kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kwa bwana yangu. Si nimekwisha kukula?"

Kumbe ndivyo alivyoelewa tangu mwanzo. Alidhani kanisa linamwomba atoke kwa ajili ya kula, kama vile mtu anavyovua viatu kuingia mahali patakatifu, kisha akitoka anavivaa. Hakuna aliyemwambia kwamba ni kutoka moja kwa moja. Mimi pia nilipomweleza masharti nilisema "utoke, ukae kwangu, ule," nikaishia hapo kwa sababu na mimi sikuwa na moyo wa kwenda mbele zaidi.

Nikakimbia kwa mchungaji. Akashika kichwa. Akaniambia wazee hawatakubali kamwe: mtu hawezi kula Meza Jumapili, Jumatatu akarudi kwa bwana wa mtu mwingine. Itakuwa tumeifanyia Meza mzaha.

"Anarudi kufa," nikasema. "Si kulala naye."

"Najua, mama."

"Basi kama unajua?"

Nikaona niende upande wa pili. Katika ukoo ule mwenye neno ni dada mkubwa wa yule bwana, mama mtu mzima, mfupi, amekaa mlangoni siku zote na kiko chake cha tumbaku. Mchana wa Jumatatu nilibeba ile sufuria kichwani, nikaenda mpaka kwenye kiwanja, nikapiga hodi.

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Wewe ni nani wa kuleta sufuria?"

"Mimi ni ndugu yake."

"Ndugu yake? Wewe mutu wa Maniema? Ndugu yake kwa nani?"

"Kwa Yesu."

Wanawake waliokuwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo, wakaacha michi. Yule mama hakucheka wala hakukasirika.

"Yesu yako njo alitoa sufuria," akasema. "Na nyimbo. Sisi wote tulisikia."

Nikapiga magoti. Nikamwambia hatukujua, tulikuwa wageni wa mila yao, atusamehe. Nikamwambia anakufa. Akanywa tumbaku yake. Kisha akasema yeye hataki mbuzi wala kitambaa, wala hamchukii mke wa ndugu zake, alimpenda sana. Lakini aliyetoa ndiye anayerudisha, vinginevyo haijarudi. Mchungaji aje yeye mwenyewe, sufuria kichwani, aiweke pale ilipotoka. Siku hiyohiyo moto utawashwa, na mgonjwa aletwe.

Nikaondoka nimefurahi! Njia nzima sufuria ilikuwa kichwani, naona imekuwa nyepesi. Nikasema moyoni, kumbe ni hilo tu, ni mchungaji kutembea hatua chache na mzigo kichwani. Nikamkuta shambani, na jembe. Nikamwambia yote kwa pumzi moja.

Akaliegemeza jembe kwenye mti wa papai, akakaa juu ya tuta. "Mama," akasema, "mchungaji akimrudisha mwanamke kwa mikono yake kwenye ndoa ya wake wawili, kesho yake ameondolewa. Nyumba hii ni ya kanisa. Watoto wangu nitawalaza wapi?"

Na machozi yakamtoka, mwanaume mzima, mikono ina udongo. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nikatazama zile kaptula za watoto wake zilizoanikwa juu ya ua, na tusi likanikwama. Mtu mbaya ningejua la kumfanya.

"Nipe mpaka Alhamisi," akasema. "Wazee wanakaa Alhamisi asubuhi. Nitawaambia nakwenda na sufuria, wapende wasipende. Lakini nataka niwaambie kwanza."

"Kifo hakingoji kikao, papa mchungaji."

"Mpaka Alhamisi tu, mama. Nakusihi."

Nikarudi nikamwambia mgonjwa: Alhamisi. Akaitikia kwa kichwa. Siku zile alikuwa hali tena, alilowesha midomo tu. Watoto wake walikuja baada ya shule, wakamkalia miguuni, jua likishuka wanaitwa nyumbani. Kitu kimoja kilimsumbua kuliko tumbo. Nyumba yangu iko mbali kidogo na mto, na kwake yeye kimya kile kilikuwa kigeni. Tangu aolewe hakuwahi kulala pasipo ile sauti. Aliniuliza mara kwa mara kama milango imefungwa, kama ndiyo sababu hasikii maji. Nikafungua mlango na dirisha. Akasikiliza, akaniambia, "Hapana. Hapa haiko."

Maziko nitayasema kwanza, kwa sababu hayo naweza kuyasema. Kanisa lilijaa. Alizikwa kama mshiriki safi, kwaya na fulana zake za bluu, wazee wote mbele, katika makaburi ya mji ambako hakuna mto. Mchungaji alihubiri, akashindwa kumaliza. Bwana yake alisimama nyuma kabisa pamoja na watoto na yule mke mwenzake, na hakuna aliyemtaja, kwa kuwa kwa kanisa hakuwa mume, na kwa ukoo wake hakuwa mume. Dada yake mkubwa hakuja. Alituma watu waniambie kwamba hata akiwa amekufa angempokea, kama sufuria ingerudi. Wazee wakasema mwili wa mshiriki ni wa kanisa. Nilipayuka siku ile mpaka wakanishika mikono, na sijutii neno hata moja.

Lakini Alhamisi yenyewe, hiyo ndiyo inayonirudia.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa jikoni nakoroga uji mwepesi, labda angemeza vijiko viwili. Nilijua wazee wameketi saa hiyo, nikawa nawaombea, mimi niliyewatukana. Nikasikia miguu kwenye njia, nikajua ni bwana yake na samaki.

"Umelala namna gani?" akauliza kutoka nje ya mianzi.

Sikusikia jibu. Nikaendelea kukoroga, maana siku hizo sauti ya mgonjwa ilikuwa ndogo sana.

"Maji imeshuka," akasema. "Nilipata kikapu yako. Ile ya upande wa jiwe. Ilikwamia chini kule, haijavunjika hata."

Akangoja.

"Nasema, nimeipata."

Nikaacha mwiko ndani ya uji. Nilitoka. Mgonjwa alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea mianzi, kiganja chini ya shavu, na kitambaa kile cheupe cha Jumapili bado kiko kichwani. Nikamgusa shingo. Nikamfumba macho.

Kati ya mianzi niliona samaki wananing'inia mkononi mwa bwana yake, na miguu yake mitupu kwenye tope, haisogei. Alikuwa ameelewa. Akaita taratibu, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya watu asiowajua.

"Mama."

"Papa."

"Sasa naweza kuingia?"